Sherehe za darasani na sarufi ya Kiingereza: mnaziunganishaje?

Mwalimu wa Jioni

Habari zenu walimu na wanafunzi wa jukwaa hili.

Nafundisha Kiingereza watu wazima, darasa la jioni, wakishatoka kazini. Kiwango chao ni kati ya A2 na B1: wanajieleza, wanauliza njia, wanaandika barua pepe fupi, ila sentensi ikirefuka kidogo inaanza kuyumba. Darasa nimelipokea kutoka kwa mwalimu mwingine aliyehama, na nimelikuta na desturi mbili ambazo hazisalimiani.

Ya kwanza ni siku za sarufi. Kitabu, ubao, mazoezi ya kujaza nafasi. Wanatulia, wanaandika, wanapata alama nzuri. Ya pili ni siku za sherehe: mwisho wa mwaka, mwisho wa muhula, siku ya kuzaliwa ya mmoja wao. Chumba kinapambwa, muziki unapigwa, kuna mchezo wa kubahatisha, watu wanapeana zawadi. Wanazipenda mno siku hizo. Hata wanaokosa masomo mara kwa mara, siku hiyo huwaoni wakikosa.

Shida yangu ni hii. Katika sherehe ya mwisho wa muhula uliopita nilikaa pembeni nikasikiliza. Vicheko vilikuwepo, makofi yalikuwepo, lakini Kiingereza chenyewe kilikuwa "Me, me!", "Your turn!" na majina ya rangi. Waliotoa sentensi nzima ni walewale wawili watatu wanaoongea siku zote. Wiki iliyofuata nikawauliza kwa Kiingereza wamepata zawadi gani na nani kawapa. Mmoja akanijibu, "She give me a cup." Huyohuyo alikuwa amepata alama zote kwenye zoezi la wakati uliopita, na "gave" ameiandika sawasawa.

Mwisho wa mwaka unakaribia na uongozi wa kituo unataka kipindi cha sherehe tena. Sipendi kukifuta, maana naona kinavyowaleta pamoja watu ambao vinginevyo hawajuani. Sipendi pia kipite hivihivi. Je, ipo namna ya kufanya sherehe ifundishe sarufi bila kuiondolea raha yake? Naomba mifano ya darasani hasa, mtu anisimulie anafanyaje.

Sarufi Kwanza

Mwalimu mwenzangu, mimi nawaandaa watu kwa mitihani na jibu langu ni fupi. Sherehe ni sherehe, somo ni somo. Waache wafurahi saa moja, usiwapime chochote, kisha mrudi kwenye kitabu. Anayeandika "gave" na kusema "give" hakupungukiwa mchezo, kapungukiwa mazoezi. Mpe vitenzi visivyofuata kanuni, kumi kila siku, avikariri kwa sauti: give, gave, given, take, took, taken. Nimeona watu wakifika mbali kwa njia hiyo. Na michezo mingi ninayoiona ikisifiwa inachukua saa nzima kufundisha kile ambacho ubao ungekimaliza kwa dakika tano.

Chaki na Dasta

Mwalimu wa Jioni, huyo mwanafunzi wa "She give me a cup" ametuonyesha waziwazi kinachokosekana. "Gave" anaijua, ameiandika, amepata vema. Ila hajawahi kuihitaji. Kwenye zoezi la kujaza nafasi anayelisubiri jibu lake ni kalamu yako peke yake, na kwenye sherehe uliyoieleza mtu anapokea zawadi hata asipofumbua kinywa. Si huku wala kule ambako kuna mtu angepata hasara kwa sababu kitenzi kimekosewa.

Miaka yote ninayoandaa vipindi vya namna hii nimeshikilia jambo moja: mchezo unafundisha sarufi pale tu ambapo kukosea sarufi kunauharibu mchezo wenyewe. Timu ipotee njia, fumbo lisifunguke, zawadi ihusishwe na asiyehusika. Kama kosa halina gharama ndani ya mchezo, hata ukimsahihisha mara mia atakuitikia kwa kichwa na kuendelea vilevile.

Na hili si langu peke yangu. Merrill Swain, mtafiti wa Kanada, aliandika mwaka 1985 kuhusu watoto waliosomeshwa masomo ya shule kwa Kifaransa, lugha ambayo si ya nyumbani kwao. Baada ya miaka ya kukisikia darasani kila siku walikuwa wanaelewa vizuri sana, lakini wakiongea au kuandika, sarufi yao ilikuwa bado na mapengo. Hoja yake ni kwamba kusikia na kuelewa hakutoshi. Mtu lazima asukumwe kutamka mwenyewe, kwa usahihi, hadi maana ifike kama alivyoikusudia. Ndugu yangu Sarufi Kwanza ana haki kusema mazoezi yanahitajika. Mimi naongeza tu kwamba mazoezi ya kukariri hayamsukumi mtu afikishe maana kwa mwingine.

Kwa hiyo usianze na swali "tucheze nini?" Anza na sentensi inayowasumbua. Ukishaipata, jiulize ni shughuli gani ya sherehe ambayo haiwezi kwisha bila sentensi hiyo. Darasa lako lina tatizo la wakati uliopita, na nina hakika lina tatizo la "he" na "she" pia, kwa kuwa sisi "yeye" wetu hana jinsia. Mchezo wa zawadi ya siri unayashika yote mawili. Naueleza taratibu maana uzuri wake uko kwenye vipengele vidogo.

Wiki moja kabla, kila mtu anachukua kikaratasi chenye jina la mwenzake na kulificha. Huyo ndiye atakayempa zawadi. Siku ya sherehe zawadi zote zinakaa mezani zikiwa na jina la mpokeaji tu. Mtoaji anaandika kadi ndogo yenye mambo matatu ya kweli kuhusu yeye mwenyewe katika wiki iliyopita, kwa mfano "I came late on Wednesday", "I sat near the door", "I drew the picture in pencil". Kadi hizo anakabidhiwa mtu mmoja wa kila kundi, tumwite karani, ambaye anakwenda kukaa upande wa pili wa chumba na kadi zinazohusu kundi jingine.

Waliobaki wanakaa wanne wanne na orodha ya majina ya darasa zima. Kazi yao ni kumpata mtoaji wa zawadi ya mwenzao mmoja. Mjumbe anatumwa kwa karani. Haruhusiwi kuona kadi wala kubeba kalamu. Anauliza maswali ya ndiyo au hapana, na karani anajibu swali lililonyooka tu, "He come late?" halipati jibu, "Did he come late?" linapata. Kisha mjumbe anarudi na kuwaambia wenzake kwa mdomo, nao wanakata majina kwenye orodha.

Sasa angalia kinachotokea. Mjumbe akirudi na kusema "she" wakati mtoaji ni mwanaume, wenzake wanakata wanaume wote, naye mtoaji kakatwa pamoja nao. Akisema "He comes late" badala ya "He came late on Wednesday", kundi zima linamgeukia yule anayejulikana kwa kuchelewa kila siku, wakati anayetafutwa ni mtu mwingine kabisa aliyechelewa siku moja. Nimewaona wakirudisha nyuma hatua zote, wanamkazia macho mjumbe: "Comes or came?" Swali hilo nimewahi kuwauliza ubaoni mara nyingi bila kuitikiwa. Hapo wanaulizana wenyewe, kwa sababu bila jibu lake hawafiki.

Mchezo wa pili niupendao ni wa kifurushi, nao ni wa kubahatisha kwa ushahidi. Chukua kisanduku, weka kitu ndani, kifunge kwa karatasi za zawadi tabaka juu ya tabaka. Kila kundi linakitikisa, linakipima kwa mkono, linakisikiliza. Ili kubandua tabaka moja wanahitaji sentensi tatu zenye sababu: moja ya "must be", moja ya "might be", moja ya "can't be". "It can't be a book because it's too light." "It might be keys, I can hear metal."

Huu unahitaji dakika kumi za ubao kabla, na hapo nipo pamoja na Sarufi Kwanza. Wengi wameijua "must" kama amri tu. Waambie inafanya kazi kama "lazima" yetu: tunasema "lazima ufike mapema", na pia "taa zimezimwa, lazima atakuwa amelala". Upande huo wataelewa mara moja. Mtego uko kwenye kukanusha. Watakimbilia "It mustn't be a book", ambayo kwa Kiingereza inasikika kama katazo, kana kwamba kitabu kimepigwa marufuku. Kinyume cha "must be" ya kukisia ni "can't be". Liandike ubaoni kwa herufi kubwa na liache hapo kipindi kizima.

Michezo ya tarehe za sikukuu inasifiwa sana na mimi naipa nafasi ndogo. Unampa mmoja nusu ya kalenda na mwenzake nusu nyingine, wanaulizana. Taarifa zenyewe ni tamu: Siku ya Shukrani Marekani huwa Alhamisi ya nne ya Novemba, na sheria iliyoiweka hapo ni ya mwaka 1941, Kanada ni Jumatatu ya pili ya Oktoba, tarehe 5 Novemba Waingereza huwasha mioto kukumbuka njama ya baruti ya mwaka 1605, ya kutaka kulilipua Bunge lao. Wanajifunza maneno na namba za mpangilio vizuri. Lakini walimu wengi wanautumia kufundishia "in", "on" na "at", na kwa kazi hiyo haufai. Mtu akisema "in 26 December" mwenzake kaelewa, kaandika, kaendelea. Kosa halijagharimu kitu. Vihusishi vya tarehe vifundishe kwa imla: "at Christmas", "on Christmas Day", "in December", zikiwa ndani ya aya moja.

Nyimbo nazo ni nzuri kwa matamshi na kwa kuondoa aibu. Kwa sarufi hazisaidii sana, kwa kuwa anayeimba hachagui neno, amechaguliwa.

Mwisho, usiache sherehe iishie kwenye kufagia makaratasi. Wakati wanacheza wewe unaandika sentensi zao, sahihi na zenye makosa, bila majina. Kipindi kinachofuata unawapa karatasi hiyo wawili wawili watenganishe. Richard Schmidt, mtafiti wa namna watu wanavyojifunza lugha, alieleza mwaka 1990 kwamba mtu hujifunza kile alichokigundua, kile kilichogonga akili yake. Sentensi iliyompoteza mtoaji wa zawadi yake imeshamgonga tayari. Karatasi yako inamwonyesha tu ilipomgonga.

Bado Najifunza

Shikamooni walimu wangu. Mimi ni mwanafunzi, si mwalimu, ila nimeona niseme kutoka upande wa dawati.

Kinachotufunga mdomo siku za sherehe mara nyingi ni kelele. Muziki unapiga, watu ishirini wanaongea, halafu mwalimu anakugeukia mbele ya wote: "Tell us about your gift!" Kichwani sentensi ipo, lakini inahitaji sekunde kadhaa kujipanga, na sekunde hizo hakuna anayekupa. Ndiyo maana unasikia "nice" na "thank you" basi. Makundi ya wanne aliyoyasema Chaki na Dasta yananivutia kwa sababu hiyo. Ukiwa na watatu wanaokusubiri unaweza kuanza, ukakwama, ukaanza upya.

Ombi langu, muziki uzimwe wakati wa kuongea. Na tupewe dakika mbili tatu za kimya kabla, kila mtu aandike maswali yake mawili. Nikiwa na karatasi mfukoni, hata nisipoisoma, naongea kwa ujasiri.

Kuna kitu kingine kinatuchanganya wengi wetu na sijaona mchezo wake. Mtu akiulizwa "Didn't you get a gift?" naye hakupata, anajibu "Yes", maana kwetu ukiulizwa "Hukupata zawadi?" unaweza kujibu "Ndiyo, sikupata" na umeeleweka. Kwa Kiingereza ni "No, I didn't." Aliyejibu "Yes" anaonekana kapata, na zawadi inapelekwa kwa mwingine. Kama kosa linatakiwa kuwa na gharama, hili linayo tayari.

Mama wa Maktaba

Mwanangu Bado Najifunza umesema vema sana, hasa hiyo ya muziki.

Mimi naongeza upande mmoja ambao haujaguswa. Madarasa mengi yana watu wa dini tofauti, na wapo wasiosherehekea siku za kuzaliwa wala Krismasi. Sioni sababu ya kumlazimisha mtu aimbe au avae kofia ili ajifunze kitenzi. Sherehe za darasani ninazozichagua ni zile ambazo kila mtu anazo: muhula umekwisha, mwaka wa kalenda unageuka, mtu kahitimu, mwenzetu anahamia kwingine. Sikukuu za wenye lugha nazitumia kama habari ya kusoma. Kwa mfano, kadi ya kwanza ya Krismasi ya kuuzwa iliagizwa na Henry Cole jijini London mwaka 1843 na ikachorwa na John Callcott Horsley. Aya fupi kuhusu hilo inajaa kauli ya kutendwa kwa asili yake: "was ordered", "was designed", "was printed", "were sent". Hakuna anayeombwa kuamini chochote, na sarufi imeingia.

Kugeuka kwa mwaka kunanipa kazi nyingine nzuri zaidi, ya kuandika kadi za salamu za kweli kwa mtu wa kweli. Kiingereza kina "wish" na "hope", na wanafunzi wetu huzitumia kama mapacha. "I wish you a happy new year" ni sawa. "I wish you success" ni sawa. Lakini wakitaka kumwombea mwenzao mema ya mbele wanaandika "I wish you will pass your exam", nayo si sahihi; ni "I hope you pass your exam." Tena "I wish you passed" inambeba mwenye kadi mahali pabaya, inamaanisha kwamba kufaulu kwake hakupo. Hebu fikiria mtu anaipokea kadi hiyo wiki moja kabla ya mtihani.

Mimi hufanya hivi: kadi hazisomwi na mwalimu kwanza. Zinakwenda moja kwa moja kwa mpokeaji, ambaye anajibu kwa maandishi alivyoelewa: je, huyu ananitakia, anatumaini, au anasikitika? Kadi inarudi kwa mwandishi pamoja na jibu. Anayekuta mwenzake kaandika "Why are you sorry for me?" anakuja mezani kwangu mwenyewe, kadi mkononi, kuuliza. Hapo namfundisha, na huwa hasahau.

Na maazimio ya mwaka mpya yasipuuzwe. "I'm going to read one book a month" ni mpango ulioamuliwa. "I'll carry that for you" ni uamuzi wa papo hapo. Mpe kila mtu aandike azimio lake, kisha mwenzake amsikilize na aamue kama limepangwa au limezuka sasa hivi kwa kuona wengine wanasema.

Mwalimu wa Jioni

Ahsanteni sana, kila mmoja wenu. Mama, hilo la dini nimelichukua, kwa kweli ninao wawili ambao siku ya sherehe huja wakakaa mlangoni, na sikuwa nimepata la kuwapa.

Chaki na Dasta, nimeamua kufanya zawadi ya siri. Nina maswali mawili. Kwanza, mchezo ukiwa umenoga na mtu akakosea palepale mbele yangu, nimsahihishe au ninyamaze? Nikimkatisha namwona akirudi ndani ya gamba. Nikinyamaza najihisi siifanyi kazi yangu. Pili, wale wawili watatu wanaojua zaidi nitawaweka wapi? Wakiwa wajumbe wao, wengine watapumzika.

Chaki na Dasta

La pili ndilo jepesi: wafanye makarani. Karani anajua kila kitu na haruhusiwi kuongea zaidi ya "Yes, he did" na "No, she didn't". Kazi yake ni ngumu kuliko inavyoonekana, maana anatakiwa kusikia kama swali limenyooka na kulikataa kwa upole kama halikunyooka. Wanaojua wanapenda jukumu hilo na wanalichukua kwa uzito. Midomo inabaki kwa wanaoihitaji. Mjumbe naye abadilike kila baada ya maswali mawili, ili asiwepo wa kukaa tu.

Kuhusu kusahihisha, mimi nagawa makosa mafungu mawili. Kosa linalobadilisha maana naliuliza kama msikilizaji ambaye hajaelewa: "She? A woman?" au "Every day, or last Wednesday?" Swali la namna hiyo halimvunji mtu, kwa kuwa ni la mchezo. Anajisahihisha na kukimbia kuendelea. Kosa lisilobadilisha maana, kama "the" iliyoachwa au herufi ya wingi iliyomezwa, siligusi. Naliandika kwenye daftari, linasubiri karatasi ya kipindi kijacho. Huko kunyamaza kwako ni kazi pia, mradi kalamu inatembea.

Wale wawili wa mlangoni, kabla ya yote waulize faraghani wangependa kushiriki vipi. Ukarani unaweza kuwafaa, hautaki utoe wala upokee zawadi. Au badala ya zawadi, mchezo wote uwe wa "ujumbe wa siri": kila mtu anamwandikia mwenzake mambo mazuri aliyomwona akiyafanya muhula huu. "You helped me with my homework." "You lent me your dictionary." Sarufi ni ileile na hakuna sikukuu ya mtu iliyotajwa. Ningekuwa wewe ningechagua huu, kwa darasa hilo.

Ukibaki na zawadi, sharti liwe zawadi za kutengeneza kwa mikono. Gharama haitakuwepo, na zaidi ya hapo maswali yatapata vitenzi vya kufanyia kazi: did he draw it, did she cut it, did he write it, did she make it. Kwenye kuripoti vinageuka "drew", "cut", "wrote", "made", na hakuna hata kimoja kinachochukua "-ed". "Cut" uiangalie kwa makini, haibadiliki umbo, kwa hiyo wajumbe watalazimika kutaja siku ili waeleweke.

Na hapo ndipo namwomba Sarufi Kwanza atusaidie orodha yake. Vitenzi kama kumi na tano, vile ambavyo mtu anayetengeneza kitu au anayemsaidia mwenzake atavihitaji, wavikariri kwa sauti vipindi viwili kabla ya siku yenyewe.

Sarufi Kwanza

Orodha hii hapa, na nakubali ikaririwe kwa ajili ya mchezo: make, draw, cut, write, give, bring, find, hide, choose, buy, lend, teach, sit, come, leave. Zisomwe kwa maumbo yote matatu, darasa zima kwanza, kisha mmoja mmoja. "Hide, hid, hidden" na "choose, chose, chosen" zirudieni zaidi, ndizo zinazoteleza mtu akiwa na haraka. Mwalimu wa Jioni, ukimaliza tafadhali rudi utuwekee hapa sentensi ulizoziandika kwenye daftari. Nataka kuona ni vitenzi gani vilishika na vipi vilirudi kuwa "give".